Punje ya Kitunguu Saumu

Katika mimea yote niliyopata kuipanda kwa mkono wangu, sijaona mmoja unaokimbiwa na kutafutwa kwa wakati mmoja kama kitunguu saumu. Aliyekila huepukwa garini, na mchuzi uliokikosa hulalamikiwa jamvini. Watu wa pwani hukiita thomu, na mama zao hawajui kupika pilau bila hicho. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na makazi yangu ni Silanga, kijiji kimoja cha Kibera katika mji wa Nairobi. Nataka kumsimulia msomaji jinsi nilivyokilima kitunguu hiki pamoja na wanafunzi wangu na jinsi nilivyoshindwa, kwa kuwa kushindwa huko kuliniingiza katika deni la mtu ambaye hakuwa na kitu cha kukopesha.

Silanga iko upande wa chini wa Kibera, kunakoteremkia maji. Mbele yake pana Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 ili kuuwekea mji akiba ya maji. Siku hizi maji ya bwawa hilo hayaonekani kwa urahisi. Gugumaji na tope vimelifunika, na mgeni akionyeshwa hudhani ni malisho ya ng'ombe. Kibera yenyewe ilikuwa msitu ambao serikali ya kikoloni iliwaweka askari wa Kinubi mwanzoni mwa karne ya ishirini, na jina lake, Kibra, kwa lugha yao maana yake ni msitu. Msitu umekwisha, wamebaki watu. Nyumba za udongo na mabati zimebanana hata mtu hana mahali pa kuanika shuka bila kumtaka radhi jirani. Shamba litatoka wapi?

Walakini watu hulima. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilipokuwa adimu na ghali, shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités International lilianza mwaka 2008 kuwafundisha wenyeji kulima ndani ya magunia. Kazi yenyewe ni ya akili kuliko nguvu. Mkebe uliotobolewa kitako husimamishwa katikati ya gunia ukajazwa kokoto, na udongo uliochanganywa na samadi humwagwa kandokando yake. Kisha mkebe huvutwa juu, ukajazwa tena, na udongo ukaongezwa, mpaka gunia limejaa na katikati yake imesimama nguzo ya kokoto inayopitisha maji hadi chini. Ubavuni mwa gunia hutobolewa matundu, na kila tundu hupandwa mche wa sukuma wiki. Gunia moja mlangoni huweza kumpa mama mboga mara mbili au tatu kwa juma, bila kumwomba mtu ardhi.

Shuleni kwetu tulikuwa na magunia mawili ya namna hiyo, na mbuzi wa jirani alikuwa na habari zake. Mwanzoni mwa mwaka 2024 nilipewa kufundisha somo la kilimo katika gredi ya tano, nikakuta mashina matupu yamesimama kama vijiti vya meno. Nikatafuta mmea ambao mbuzi hataupenda, ambao mbegu yake hainunuliwi katika pakiti, na ambao utakubali kukaa katika mkebe wa rangi au ndoo iliyopasuka. Ndipo nilipokumbuka kitunguu saumu.

Kitunguu hiki kimeishi na wanadamu muda mrefu hata kimeacha kuzaa mbegu, na mkulima hukizidisha kwa punje zake. Punje moja ikipandwa huota, ikajigawa chini ya ardhi, na baada ya miezi mitano hivi hutoa kichwa chenye punje nyingi. Kwa hiyo kila punje ni kipande cha mama yake, si mtoto aliyechanganya damu ya wazazi wawili. Niliwaeleza wanafunzi kwamba kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri, lilipogunduliwa mwaka 1922, vichwa vya kitunguu saumu vilikutwa miongoni mwa mali aliyozikwa nayo. Niliwaambia pia kwamba Wana wa Israeli, kama Kitabu cha Hesabu kinavyosimulia, walikikumbuka kwa majonzi jangwani. Mvulana mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, yaani mfalme alizikwa na mboga yake?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Sikujua kwamba neno hilo litanirudia.

Siku ya pili nilileta punje mbili. Ya kwanza niliwapa waisikie nzima, na harufu yake ilikuwa ndogo. Ya pili niliiponda kwa jiwe, na kabla sijamaliza kusema, walioketi nyuma walikuwa wameziba pua. Ndani ya punje vimo vitu viwili vilivyotengwa. Punje ikipondwa au ikitafunwa vitu hivyo hukutana, kikazaliwa kitu cha tatu kiitwacho alisini, ambacho wanakemia wa Marekani walikitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1944. Hiyo ndiyo silaha ya kitunguu juu ya kila amtafunaye. Mama wengi wa kijijini kwetu hukisaga na asali wakawapa watoto wenye kikohozi, nami siwakatazi, ila mtoto anayepumua kwa shida apelekwe hospitali, kwa maana kitunguu si daktari.

Ndipo nikatoa agizo langu. Kila mwanafunzi alete punje moja tu kutoka kwao. Nikaongeza ahadi, na ahadi hii ndiyo iliyonitia matatani: nilisema kwamba kila atakayeleta punje moja, kabla ya kufunga shule mwezi wa Agosti, atarudi nyumbani na kichwa kizima. Niliisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuviona vichwa hivyo. Kweli nilikuwa nimesoma kilimo katika chuo cha ualimu, lakini kitunguu saumu nilikuwa nimekipanda katika daftari tu.

Wanafunzi walikuwa arobaini na wawili, na punje zilizoletwa zilikuwa thelathini na nane. Udongo hatukuuchota kando ya mto, kwa kuwa palipotupwa taka za miaka mingi huenda pana madini ya risasi, ambayo hayatoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Tulinunua udongo mwekundu wa mkokoteni, tukauchanganya na samadi iliyooza vizuri. Kila mkebe ulitobolewa chini ili maji yasituame. Punje ilipandwa na ganda lake, kitako chini na ncha juu, vidole viwili ndani ya udongo. Katika ndoo pana tulipanda punje tatu, zikaachana kwa upana wa kiganja. Haya yote yalikuwa sawasawa, na hata leo singeyabadili.

Juma la pili baada ya kupanda, mama mmoja alikuja shuleni. Alikuwa mama wa msichana mnyamavu aliyekaa karibu na dirisha. Mama huyo hukaanga samaki jioni kando ya njia, na samaki wake hujulikana kwa sababu huwapaka kitunguu saumu na chumvi kabla ya kuwatia mafutani. Alinisalimu kwa adabu, akakataa kiti, akasema, "Mwalimu, nimekuja kuuliza jambo moja. Mtoto wangu ameng'oa punje katika kichwa nilichokuwa nimebakiwa nacho. Nimemgombeza, naye anasema wewe ndiye uliyemtuma. Je, siku hizi mnawafundisha watoto kuzika chakula?"

Nilimweleza, nikamwonyesha mikebe. Baadhi ilikuwa imeanza kutoa ncha za kijani kama sindano. Aliinama, akatazama kwa muda, akauliza mkebe wa binti yake ni upi. Nikamrudia kwa ahadi ile ile: punje moja, kichwa kizima. "Basi nitangoja," akasema. Dukani kwetu kitunguu saumu huuzwa kimoja kimoja, na asiyeweza kukinunua kizima hukatiwa punje chache, naye muuza samaki huhesabu punje kama karani ahesabuvyo sarafu. Mama yule hakuwa amenikosea heshima hata kidogo. Alikuwa ameniandika katika daftari ya wadeni wake.

Punje kumi na moja hazikuchipua kabisa. Nyingi za zile zilizoletwa zilitoka katika vitunguu vyeupe vya kigeni vinavyojaa madukani. Uchina peke yake hutoa kadiri ya robo tatu ya vitunguu saumu vya dunia. Vitunguu hivyo husafiri mbali, na baadhi yake hutendewa makusudi visichipue njiani. Zilizobaki, ishirini na saba, zilikua vema. Mbuzi alikuja, akanusa, akaenda zake. Nilijiona mshindi.

Mwezi wa Aprili mvua ilinyesha isivyo kawaida. Msomaji aliyekuwa Kenya mwaka 2024 hahitaji kuelezwa. Mito ya Nairobi ilifurika, watu wakafa, na shule zilizokuwa zifunguliwe mwishoni mwa Aprili kwa muhula wa pili hazikufunguliwa mpaka tarehe 13 Mei. Mto Ngong, upitao chini yetu kuelekea bwawani, uliingia katika nyumba za ukingoni. Usiku mmoja nilikwenda shuleni kuihamisha mikebe juu ya meza za darasa, nikamkuta msichana yule yuko uani na mama yake, wamebeba magodoro kichwani, wakitafuta mahali pakavu. Niliwafungulia darasa. Walipoyatua magodoro, yule mtoto hakuketi. Alitoka nje mvuani akarudi na mkebe wake, kisha akatoka tena kuchukua ya wenzake. Mama yake alimtazama bila kumkataza.

Punje nne zilioza kwa wingi wa maji. Zilipobaki ishirini na tatu tulizitunza mpaka Julai. Majani ya chini yalianza kugeuka manjano, tukaacha kumwagilia kwa majuma mawili kama ipasavyo, kisha tukachagua siku ya kuvuna. Niliwaita wanafunzi wote uani. Kila mwenye mkebe alisimama mbele ya mkebe wake. Nikahesabu moja, mbili, tatu, wakang'oa.

Kilichotoka ardhini kilikuwa kidude cha mviringo kama gololi kubwa, cheupe, kizuri kwa kutazama, kisicho na punje hata moja. Wakimenya hukuta nyama tupu kama kitunguu kidogo cha kawaida. Vitatu tu vilikuwa vimegawanyika, navyo vilitoa punje mbili mbili. Watoto walinitazama. Hawakucheka wala hawakunung'unika, na laiti wangenung'unika ningepata la kujibu. Mvulana aliyeuliza habari za mfalme akasema polepole, "Mwalimu, labda bado." Alikuwa akinitafutia udhuru.

Niliwaambia kwamba nimekosea, na kwamba sijui nimekosea wapi. Katika miaka yangu ya ualimu nilikuwa sijapata kutamka maneno hayo mbele ya darasa, maana wakufunzi wetu walituonya kwamba mwalimu akikiri kutojua, heshima yake huvuja. Sijui kama ilivuja siku ile. Nilikuwa nikiwaza habari za samaki.

Jioni nilimfuata mama yule pale njiani, nimeshika kile kimviringo cha binti yake mkononi. Alikuwa akigeuza samaki. Alikipokea, akakipima kiganjani, akakikata kwa kisu nusu mbili, akakinusa. "Ni chenyewe," akasema. "Nilikupa kimoja, umenirudishia kimoja. Hapana hasara, Mwalimu." Akakiponda pale pale akakipaka samaki aliyefuata, kisha akanifungia samaki huyo katika gazeti, akakataa fedha. Naapa kwamba ukali wake wa mwezi wa Februari ulikuwa rahisi kwangu kuubeba kuliko ukarimu huo.

Ninaye rafiki tuliyesoma naye chuoni, ambaye hufundisha Kinangop, kwenye uwanda wa juu karibu na milima ya Aberdare, ambako asubuhi nyingine majani huamka yamefunikwa na jalidi. Baba yake hulima vitunguu saumu. Nilimpigia simu nikamweleza vimviringo vyangu. Alicheka mpaka nikataka kukata simu, kisha akauliza, "Kabla ya kuvipanda, vililala wapi?" Nikamjibu kwamba vililala dukani na majikoni mwa watu. "Basi havikulala," akasema. "Kitunguu saumu kisipolala katika baridi hakijui kuhesabu."

Alinieleza vizuri, na baadaye nilithibitisha kwa kusoma. Asili ya kitunguu hiki ni milima ya Asia ya Kati, ambako majira ya baridi ni makali. Punje hukaa ardhini katika baridi hiyo, na baridi ndiyo inayoiamuru kujigawa. Majira ya joto yanapokaribia, mchana huzidi kurefuka, na urefu wa mchana huiambia itengeneze kichwa. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, nao hauambii mmea kitu. Hata mwezi wa Julai, tunapovaa masweta na kulalamika, baridi yetu ni mzaha kwa mmea wa asili hiyo. Aina zilizolimwa miaka mingi katika nyanda zetu za juu, kama Meru na Nyeri, au Mbulu huko Tanzania, zimezoea kutaka baridi kidogo zaidi, na ndiyo sababu wakulima wa huko huvuna. Punje zangu zilikuwa ngeni, tena hazikulazwa. Rafiki yangu akaongeza kwamba nisivitupe vile vimviringo, kwa kuwa kimviringo kikipandwa tena mara nyingi hugawanyika. Wakati huo vyote vilikwisha kuliwa.

Mwezi wa Agosti alinipelekea kwa matatu vichwa kumi vya baba yake, vidogo, vyenye ganda la zambarau na mizizi yake bado ikining'inia. Nilihitaji friji. Katika Silanga friji hazipatikani ovyo, lakini muuza maziwa wa njia panda anayo moja. Nilimwomba avihifadhi kwa majuma sita, mbali na barafu, bila kuvibandua punje. Alikataa, akisema wateja wake watadhani ng'ombe wamelishwa pilau. Tulipatana kwamba nitavifunga katika karatasi, nivitie ndani ya mkebe wenye kifuniko, na kila Ijumaa nitamfundisha mwanawe hesabu. Umeme ulikatika mara kadhaa, nami kila ulipokatika nililala vibaya.

Mwishoni mwa Septemba tulivibandua siku ile ile ya kupanda, tukachagua punje kubwa za nje. Safari hii sikuwaagiza wanafunzi walete kitu, na sikuwaahidi kitu. Shule zilipofungwa mwishoni mwa Oktoba, ilinibidi kumwagilia mimi mwenyewe, maana mimi ni mwenyeji na mtungi wa maji huninunulisha kama kila mtu. Msichana yule alikuwa akija bila kuitwa, na kibuyu cha maji yaliyooshewa mchele.

Tulivuna Februari 2025, wanafunzi wakiwa wamekwisha kuingia gredi ya sita. Punje zilizopandwa zilikuwa arobaini na mbili. Zilizoota ni thelathini na sita, na katika hizo ishirini na tisa zilikuwa zimegawanyika. Vichwa havikuwa vikubwa. Kilicho bora kilikuwa kama ndimu. Saba vilikuwa vimviringo vile vile vya zamani, na vilipotoka tulivipigia makofi, kwa kuwa sasa tulimfahamu adui yetu kwa jina. Tulivianika vyote kivulini kwa majuma mawili, vimefungwa majani kwa majani juu ya dirisha la darasa, na darasa lote likanuka kama jiko la arusi.

Cha msichana yule kilikuwa na punje nane. Nilikwenda naye mpaka kwa mama yake, jua likielekea kutua, mafuta yakiwa bado baridi katika karai. Mtoto alikitoa mfukoni mwa sare akakiweka juu ya meza ya samaki, asiseme neno. Mama alifuta mikono, akakibandua, akazipanga punje mstari mmoja, akazihesabu kwa kidole. Akazihesabu tena. Kisha tano akazitia kinuni, na tatu akazifungia katika kipande cha gazeti, akazisukuma upande wangu.

"Mwalimu," akaniuliza, "yule mtu wa maziwa bado ana nafasi?"